Kampuni ya Nduthi Yako Inafanya Nini Jangwani Saudia? Hii Hapa Story ya Timu za Kiwanda Dakar

Toka Rongo, pitia Rodi Kopany hadi Homa Bay town, na uhesabu nduthi njiani. Boxer, TVS, Boxer, Hero, Honda, Boxer tena. Geuza uende upande wa Awendo, Migori hadi Isebania, bado ni zile zile. Uziite boda, nduthi ama apiko, hizo ndizo zinabeba omena kutoka Mbita, watoto wa shule Ndhiwa na mathe anayeenda kliniki Macalder saa nane usiku.

Sasa skiza hii. Kila Januari, majina yale yale unaona kwa tangi za hizo nduthi yanaonekana tena kwa mchanga wa Saudi Arabia, kwa rali inaaminika kuwa ngumu kuliko zote duniani. Inaitwa Dakar. Na 2024, msee wa Afrika akiwa juu ya Hero alimaliza namba mbili. Alikuwa anatoka Botswana, si Ulaya wala Marekani.

Wengi wetu tunajua Safari Rally ya Naivasha, ile ya Toyota na Hyundai kupiga vumbi. Dakar haiongelewi sana huku ocha, na inashangaza, juu ukiangalia poa, inatuhusu kushinda Safari. Probox ya Oyugis haifanani na gari la Ogier. Lakini jina la Hero ni lile lile.

Basi wacha tuichambue pole pole: timu ya kiwanda ni nini, inafanya nini huko, na inakusaidia nini wewe unayeamka saa kumi na moja kutafuta square ya siku.

Dakar iko Senegal, mbona rali iko Saudia?

Swali poa. Mfaransa mmoja, Thierry Sabine, alipotea jangwani akiwa na pikipiki 1977. Alipookolewa, badala ya kuogopa jangwa, akaamua kupeleka wengine huko. Tarehe 26 Desemba 1978 rali ya kwanza ikatoka Paris ikielekea Dakar, mji mkuu wa Senegal. Hapo ndipo jina lilitoka.

Ilikaa Afrika miaka mob. Halafu 2008 ikafutwa kabisa kabla ianze, sababu ya usalama Mauritania. Kutoka 2009 hadi 2019 ikahamia Amerika Kusini. Tangu 2020 iko Saudia, nchi ile ile dadako ama jirani yako ameenda kutafuta kazi. Jina halikubadilishwa.

Usifikirie ni mbio za saa mbili kwa kiwanja. Ya 2024 ilianza AlUla tarehe 5 Januari na ikaisha Yanbu tarehe 19. Jumla karibu kilomita 7,900, na zaidi ya 4,700 kati ya hizo ni za kukimbia na saa. Kuna siku dere anasukuma zaidi ya kilomita 800 kabla alale. Hiyo ni kama kutoka Nairobi hadi Migori na kurudi, siku moja, juu ya pikipiki, na sehemu kubwa haina lami wala barabara yenyewe.

Na simu ya kukuonyesha njia haikubaliwi. Dere anasoma kitabu cha njia, siku hizi ni cha kielektroniki, kinamwambia tu mambo kama kilomita fulani, pinda kushoto, hatari mbele, mtaro. Anasoma akiwa spidi. Akikosa alama moja, anapotea na saa bado inahesabu.

Timu ya kiwanda ni mbogi ya aina gani?

Kwa Dakar kuna watu wa aina mbili, kwa ufupi.

Wa kwanza ni yule ametafuta doh yake mwenyewe. Ameuza gari, ameomba marafiki, amepata sponsa mdogo. Kuna hata kategoria inaitwa Original by Motul, ya wasee hawana fundi kabisa. Waandaaji wanakubebea sanduku moja la vitu vyako, hema na matairi. Ukifika kambini jioni ukiwa umechoka kama punda wa Kendu Bay, unafungua sanduku, unabadilisha oili mwenyewe, unasafisha chujio la hewa mwenyewe, ndio ulale.

Wa pili ni dere wa kiwanda. Huyu ameajiriwa na kampuni inayounda pikipiki. Akifika kambini anapeana ufunguo na kuondoka. Mafundi wanaichukua, wanaifungua, wanaiangalia kila kitu hadi usiku wa manane. Yeye anakula, anakandwa misuli, anaongea na mtu wa mikakati kuhusu kesho, analala. Asubuhi anaikuta kama imetoka dukani jana.

Unaona tofauti? Wote wawili wanapita mchanga ule ule. Spidi zao zinaweza hata kukaribiana. Lakini siku ya kumi, mmoja amelala saa saba na mwingine amelala saa tatu. Kampuni inanunulia dere wake usingizi, na jangwani usingizi ni nguvu, macho na akili ya kusoma ile alama ya mtaro.

Kuna kingine. Ukiwa katikati ya hatua ya mashindano, ni mshindani mwenzako tu anaruhusiwa kukusaidia. Gari la kampuni haliwezi kukujia. Ndio maana viwanda vikubwa vinaleta madere kadhaa. Wa mbele akiharibu gurudumu, wa nyuma wa timu anaweza kusimama ampe lake, na yeye abaki hapo amekwama. Jina la wa pili hutaliona kwa habari.

Hero na Honda: walikuwa wamoja

Hapa ndio story inakuwa tamu.

Hero ni kampuni ya India. 1984 iliungana na Honda ya Japani, wakaunda Hero Honda. Mjapani alileta teknolojia ya injini, Mhindi akaleta soko na kiwanda. Waliuza pikipiki hadi wakawa wakubwa zaidi duniani kwa hesabu ya pikipiki zinazouzwa. Mwisho wa 2010 wakakubaliana kuachana, na 2011 kampuni ikaitwa Hero MotoCorp.

Sasa jiweke kwa viatu vya Hero. Umeishi na injini ya mwenzako zaidi ya miaka 25. Watu wanaamini nduthi yako juu ya jina la Honda. Utawaonyesha aje kwamba hata wewe unajua kuunda?

Jibu moja lilikuwa kuenda mahali pagumu zaidi. Hero ilishirikiana na Speedbrain, kampuni ya Ujerumani inayojua mambo ya rali, na Januari 2017 ikapanga mstari Dakar kwa mara ya kwanza. TVS ilikuwa imeshatangulia 2015, ikishirikiana na Sherco ya Ufaransa. Na Bajaj, wale wa Boxer, wao walipitia mlango wa pesa: tangu 2007 walianza kununua hisa za KTM ya Austria. KTM ndiyo ilikuwa baba yao Dakar, ilishinda upande wa pikipiki mara 18 mfululizo, kutoka 2001 hadi 2019.

Kwa hivyo mbogi yote ya steji yako iko huko: Hero, TVS, Honda, na Bajaj akiwa nyuma ya pazia.

Msee wa Jwaneng

Ross Branch alizaliwa 1986 na ni wa Jwaneng, mji wa machimbo ya almasi Botswana. Kazi yake ingine ni urubani. Mashabiki wanamwita Kalahari Ferrari, na ukimwona akipita mchanga utaelewa mbona.

Aliingia Dakar 2019, akamaliza namba 13 na akawa bora kati ya wageni wote. 2020 akashinda hatua nzima. Baadaye Yamaha ikamchukua kwa timu yake ya kiwanda, lakini Yamaha ikafunga hiyo kazi. Ndio Hero ikampigia simu.

Cheki Dakar ya 2024. Branch alishinda hatua ya kwanza. Kila mtu akafikiria ni bahati ya siku moja. Wiki ikaisha, bado yuko hapo. Rali ikifika siku ya mapumziko, Ricky Brabec wa Honda alikuwa anaongoza, na Branch alikuwa nyuma yake kwa chini ya dakika moja. Baada ya hatua sita za mchanga, tofauti ni muda wa kuvaa viatu.

Katikati hapo kulikuwa na kitu kipya, hatua ya saa 48 kwa lile jangwa kubwa linaitwa Robo Tupu. Sheria ilikuwa hivi: saa kumi jioni ikigonga, dere anasimama kambi ndogo ya kwanza atakayofikia. Hakuna fundi wa kiwanda, hakuna mtu wa kumkanda. Anapewa hema na chakula kidogo, na hajui wenzake wako wapi wala nani anaongoza. Asubuhi anawasha anaendelea.

Yaani kwa usiku mmoja, madere wa kiwanda waligeuzwa wasee wa sanduku. Ukiwa hujui kukagua cheni yako mwenyewe, hapo ungejulikana. Branch alitoka hapo bado akiwa anamfukuzia Brabec.

Mwishowe Honda ilishinda. Honda ilikuwa imekuja na kundi kubwa la madere wenye nguvu, na Brabec hakufanya kosa. Branch alimaliza dakika 10 na sekunde 53 nyuma. Namba tatu alikuwa Mfaransa Adrien Van Beveren, Honda pia. Hero ikawa kampuni ya kwanza ya India kupanda jukwaa la Dakar, na ilipanda ikiwa imebanwa katikati ya Honda mbili, ile kampuni iliyokuwa inaishi nayo nyumba moja.

Haikuishia hapo. Mwaka huo huo Branch alichukua ubingwa wa dunia wa rali za jangwani, akaufunga Morocco mwezi wa Oktoba. Msee wa Afrika juu ya Hero, bingwa wa dunia.

Bei yake si pesa peke yake

Usidhani timu ya kiwanda inamfanya mtu awe wa chuma.

Tarehe 12 Januari 2020, Paulo Gonçalves, Mreno wa miaka 40, alianguka kwa hatua ya saba akiwa anaendeshea Hero. Alifariki. Toby Price wa KTM, mpinzani wake, alimkuta chini, akasimama, akaita msaada na akakaa naye. Joaquim Rodrigues, mwenzake wa Hero, alikuwa shemeji yake. Siku iliyofuata pikipiki hazikukimbia, na Hero ikajitoa kwa rali.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 2021, CS Santosh, Mhindi wa kwanza wa hiyo timu, alianguka vibaya hadi madaktari wakamweka usingizi wa kitabibu. Alipona.

Sasa angalia vile hao watu walifanya baada ya hapo. Tangu 2021 kila dere wa pikipiki Dakar lazima avae fulana yenye mfuko wa hewa unaofura akianguka, kulinda mgongo na kifua. Kila pikipiki ina kifaa cha kuita msaada, na madaktari wako na helikopta. Na dere akisimama kumsaidia mwenzake aliyeumia, muda aliopoteza anarudishiwa. Price alirudishiwa wake. Hiyo sheria ya mwisho ishike, tutairudia.

Usidanganywe na kalenda

Kabla uende kuambia watu wa steji kwamba nduthi yako ni ya Dakar, tulia.

Pikipiki ya rali ya Hero ni ya sisi 450, ndio kiwango cha juu kinachoruhusiwa Dakar. Inabeba mafuta ya lita 30 hivi. Shoka zake, magurudumu yake, mbele yake na kile kifaa cha kusoma njia, hakuna hata kimoja utapata kwa duka la Migori town. Nduthi yako ni ya sisi 100, 125 ama 150, imeundwa kubeba mtu na gunia, kula mafuta kidogo na kurekebishwa na fundi yeyote chini ya mti. Ziko na jina moja lakini si mtoto na baba. Labda ni binamu wa mbali waliokutana kwa matanga.

Halafu kushinda jangwani hakumaanishi kampuni iko fiti. Novemba 2024, KTM iliingia kwa ngori ya madeni hadi ikaenda mahakamani kujikinga. Januari 2025, ikiwa bado kwa hiyo hali, dere wake Daniel Sanders akashinda Dakar. Kombe liko kwa kabati na mshahara wa wafanyakazi haueleweki. Nani aliokoa? Mwaka huo huo Bajaj iliweka mamilioni ya euro na kuchukua usukani wa kampuni. Ndio, Bajaj, waundaji wa Boxer. Ile ya Ulaya inayoonekana ya kifahari ikaokolewa na kampuni inayouza nduthi za kubeba mkaa.

Kwa hivyo pesa ya nduthi za kawaida ndiyo inashikilia haya mambo makubwa. Wewe si mtazamaji tu. Kila mtu aliyewahi kununua Boxer, Hero ama TVS, na kila abiria aliyemsaidia kuilipa, ameweka sarafu hapo.

Sasa timu yako wewe ni nani?

Tuseme uko Sori ama Rodi Kopany na nduthi ni ya mkopo. Tuseme unalipa 400 kila siku. Ukiamka, wewe ndio dere, fundi, sponsa, mtu wa mikakati na daktari. Wewe ni Original by Motul, ila rali yako haina tarehe ya kuisha na hakuna jukwaa Yanbu.

Hatukuambii ununue fulana ya hewa. Lakini kuna vitu timu za kiwanda zinafanya ambavyo havihitaji pesa ya kiwanda.

Cha kwanza, nduthi inaangaliwa jioni, si asubuhi. Mafundi wa Hero hawangoji ilie ndio waifungue. Ukiangalia cheni, breki, matairi na oili usiku, tatizo unalipata steji zikiwa zimefungwa. Ukingoja asubuhi, unakaa kwa fundi hadi saa tano, na hiyo square ya asubuhi imeenda na wengine. Na kwa vumbi la Nyatike, chujio la hewa linaziba haraka kuliko vile kitabu kinasema. Injini ikimeza vumbi, inakufa pole pole bila kukuambia.

Cha pili, saa ya kusimama. Dakar iliweka saa kumi jioni, umefika wapi, simama hapo. Dere wa boda anayefanya mchana wote na bado anabeba watu wa klabu hadi saa tisa usiku amechoka kama Branch, lakini hana wa kumsimamisha. Ukiona macho yanafunga barabara ya Migori, hakuna 200 inayolingana na hiyo risk.

Cha tatu, helmeti mbili. Sheria ya Kenya tayari inataka wewe na abiria mvae, na abiria awe mmoja. Gonçalves alikuwa amevaa kila kitu cha bei na bado jangwa lilimchukua. Sasa mtu ana kofia ya Arsenal kichwani, ametoka Rongo na abiria watatu, anategemea nini?

Cha nne, na hiki ndicho kikubwa: ile sheria ya Price. Kule, anayesimama kusaidia harudi nyuma, muda wake unarudishwa. Huku kwetu, ukisimama kwa ajali umepoteza square, labda umeitwa shahidi, na jioni mkopo unakungoja. Ndio maana wengine wanapita. Lakini chama cha steji kinaweza kutengeneza sheria yake. Mnachanga kila wiki tayari, ya matanga na ya faini. Wekeni kidogo ya kulipia siku ya mwanachama aliyesimama akampeleka majeruhi hospitali. Wekeni cheni moja na tube mbili za akiba za steji, yule amekwama alipe pole pole. Mkifanya hivyo mmeunda timu ya kiwanda bila kiwanda.

Na kiwanda chenyewe? Kinaweza kuulizwa pia. Kampuni inayojua kulinda dere mmoja Saudia kwa madaktari na mafundi inaweza kuelezea spea halisi zinapatikana wapi karibu na Homa Bay, na nani anafunza madere wapya kabla wapewe ufunguo. Siku agent akikuja steji yenu na T-shirt za bure na picha ya mchanga mgongoni, chukua T-shirt, ni yako, umeshailipia. Halafu muulize hayo maswali mawili kabla apande gari.